Vifurushi vinaporudi jioni ndipo hesabu hupotea

IKIFIKA saa moja jioni, waendesha bodaboda wanaosambaza bidhaa za maduka ya Kariakoo, jijini Dar es Salaam, huanza kurejea mmoja mmoja, na si wote wanaorudi na masanduku matupu. Humo ndani mna viatu ambavyo mteja wa Tegeta alivijaribu mlangoni vikambana, simu ambayo aliyeiagiza hakupatikana hewani, na mkoba uliokataliwa kwa kuwa rangi yake haikuwa ile iliyoonekana kwenye picha.

Asubuhi mambo yalikuwa mepesi. Vifurushi vilitoka kwa mkupuo mmoja, karani akabonyeza kitufe mara moja, programu ikaandika kwamba vyote vimo njiani, na kila mteja akapata ujumbe mfupi wa simu kumwarifu hivyo.

Vilivyotoka pamoja havirudi pamoja. Hapo ndipo programu nyingi za usambazaji wa mizigo hukwama, na ndipo fedha za mfanyabiashara, ujira wa mwendesha bodaboda na subira ya mteja huanza kugombaniwa.

Tangu M-Pesa ianze nchini Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, kulipana kwa mbali kumekuwa jambo la kawaida. Baadaye zikaja simu zenye kamera na mitandao ya kijamii, na muuza nguo asiye na duka la kuonekana barabarani akaweza kupata wateja Mwanza, Arusha na Mbeya bila kutoka chumbani kwake. Kilichobaki kuwa kigumu ni safari ya mzigo wenyewe.

Kwa muuzaji wa oda tano kwa siku, daftari na kumbukumbu ya kichwani vinatosha. Zikifika mia moja, hulazimika kutafuta programu.

Kazi ya kwanza ya programu hiyo ni kupokea oda nyingi kwa mara moja. Karani huandaa jedwali lenye mstari mmoja kwa kila mteja: jina, namba ya simu, mahali, aina ya bidhaa na kiasi cha fedha kinachotakiwa kulipwa. Jedwali zima huingizwa kwenye programu, nayo hutoa namba kwa kila kifurushi, namba nyingine kwa mkupuo mzima, na kuchapa stika zenye msimbomilia, yaani ile alama ya mistari myeusi inayosomwa kwa mashine au kwa kamera ya simu.

Kisha vifurushi hugawanywa kwa maeneo. Vya Kimara na Mbezi huenda kwa mtu mmoja, vya Kigamboni kwa mwingine, na vya mikoani hutiwa katika viroba na kupelekwa kwenye ofisi za mizigo za mabasi.

Namba ya kifurushi huonekana kama jambo dogo, lakini ndiyo nguzo ya kazi yote. Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa mwaka 1874 na wenye makao yake makuu Bern, Uswisi, una mpangilio wa alama 13 kwa mizigo ya posta inayovuka mipaka: herufi mbili za aina ya huduma, tarakimu nane, tarakimu moja ya ukaguzi, na herufi mbili za nchi ulikotoka mzigo. Mfano wa namba ya namna hiyo ni RR123456785TZ.

Tarakimu ya tisa, yaani 5, haikuwekwa kwa kubahatisha. Zile nane za mwanzo huzidishwa kwa mpangilio wa 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9 na 7, kisha majibu hujumlishwa. Katika mfano huu jumla ni 204. Ukiigawanya kwa 11 unabakiwa na 6, na 11 ukitoa 6 unapata 5. Stika ikilowa mvua na karani akalazimika kuandika namba kwa mkono, akikosea tarakimu moja kwa kawaida hesabu hiyo haitakubali, na mashine itamkatalia papo hapo badala ya kuuhesabu mzigo wa mtu mwingine.

Muuzaji wa Kariakoo halazimiki kutumia mpangilio huo. Lakini anayetumia namba kama 1, 2, 3 na kuanza upya kila Jumatatu hujitafutia balaa, kwa sababu kifurushi namba 14 cha wiki iliyopita, kikirudi leo, kitagongana na namba 14 ya leo.

Tatizo jingine huanzia kwenye mtandao. Karani anaingiza jedwali la oda 120, intaneti inakatika katikati, na kioo cha kompyuta kinabaki kuzunguka bila jibu. Je, oda zimeingia au hazikuingia? Aghalabu hubonyeza tena. Iwapo oda 40 zilikuwa zimekwisha kuingia, sasa zitakuwa mara mbili, stika 40 za ziada zitachapwa, na wateja 40 watapata ujumbe wa mizigo ambayo haipo.

Programu iliyotengenezwa kwa uangalifu huzuia hilo kwa kuupa mkupuo utambulisho wake kabla haujatumwa. Mkupuo uleule ukija mara ya pili, hutambua kuwa ni uleule na kuendelea ulipoishia. Vivyo hivyo, mstari mmoja wenye namba ya simu pungufu hauna sababu ya kuzizuia oda nyingine 119. Zilizo sahihi huingia, na ile yenye kasoro huwekwa kando na sababu yake kuandikwa. Yako mengi yanayokataa jedwali lote kwa kosa moja bila kusema kosa liko wapi, na karani huishia kutafuta sindano hiyo kwa macho huku madereva wakipiga honi nje.

Mkupuo ndani ya mkupuo nao una hila yake. Kiroba chenye vifurushi 30 vya Mwanza husomwa kikiwa kimefungwa, na programu huandika kwamba vyote 30 vimepanda basi. Kwa hakika kilichoonekana ni kiroba tu. Iwapo kimoja kilisahaulika mezani, kumbukumbu zitasema kiko njiani hadi mtu wa Mwanza afungue kiroba na kusoma kimoja kimoja. Asipofanya hivyo, upungufu utagunduliwa na mteja, na kwa wakati huo hakuna atakayeweza kusema ulitokea wapi.

Kwa hiyo mkupuo hufaa kwa kubebea na haufai kwa hesabu. Unarahisisha kupakia, kuchapa na kukabidhi, ila historia ni mali ya kila kifurushi peke yake: nani alikishika, lini, wapi, na alimpa nani.

Kurudi kwa mzigo ndiko kunakoonyesha tofauti hiyo kwa uwazi zaidi, na hapa kuna jambo ambalo watengenezaji wa programu za nje hawakuliona.

Katika nchi za Umoja wa Ulaya, maelekezo ya mwaka 2011 kuhusu haki za walaji yanampa aliyenunua kwa mbali siku 14 za kubadili mawazo baada ya kupokea bidhaa, isipokuwa kwa baadhi ya bidhaa. Afrika Kusini nayo, katika sheria yake ya mwaka 2002 ya mawasiliano na miamala ya kielektroniki, iliweka siku saba. Huko mteja kwa kawaida amekwisha kulipa. Mzigo hufika, huupokea, huufungua, huujaribu, kisha huomba kuurudisha. Programu zilizotengenezwa kwa ajili ya soko hilo huchukulia kwamba kurudisha ni tukio linalofuata kupokea.

Dar es Salaam na Nairobi, kwa wauzaji wengi, utaratibu ni wa kulipa ukipokea mzigo. Mteja husimama getini, hukagua, huuliza maswali, na akiridhika ndipo hutoa fedha taslimu au hutuma kwa simu. Asiporidhika, hukataa palepale. Mzigo hurudi bila kupokewa hata kidogo, bila ombi la kurudisha na bila stika ya safari ya pili.

Karani anayetumia programu ya aina ile ya kwanza hana kitufe cha tukio hilo. Ili aweze kuandika kwamba mzigo umerudi, hulazimika kwanza kuandika kwamba ulipokewa. Mara tu anapofanya hivyo, programu huona mauzo yamekamilika na kumdai mwendesha bodaboda fedha ambazo hakupewa na mtu. Uongo mdogo wa kompyuta umekwisha kuwa deni la mtu.

Yapo pia mambo ya kati na kati. Mama mmoja ameagiza magauni matatu ili achague, amechukua moja na kulilipia, mawili yamerudi. Je, kifurushi kimefika au kimerudi? Programu inayojua kifurushi kizima tu haina jibu. Ile inayojua vilivyomo ndani hukigawa: gauni moja limeuzwa, mawili yamepewa namba mpya ya safari ya kurudi, huku namba ya awali ikihifadhiwa ili atakayetaka kufuatilia aone yalikotoka.

Namba hiyo mpya si urasimu. Mzigo unaorudi una mbebaji wake, siku yake, gharama yake na hatari zake, na ukiandikwa juu ya safari ya kwanza kwa kubadili neno moja, yote yaliyotangulia hufutika. Mfanyabiashara atajua kwamba magauni yamo stoo. Hatajua yalikaa siku ngapi barabarani, wala mangapi hurudi kutoka eneo fulani kila mwezi.

Maneno yenyewe yana uzito. Oda iliyoghairiwa kabla ya kutoka ghalani haikugharimu usafiri. Iliyofikishwa hadi mlangoni ikakataliwa imegharimu safari mbili. Iliyopokewa, ikalipiwa, kisha ikarudi baada ya siku tatu imegharimu safari mbili na marejesho ya fedha. Ambayo mwenyewe hakupatikana huenda ikafika kesho. Kuziita zote "zilizorudi" ni kuchanganya vitu visivyofanana, na kuziacha baadhi nje ya hesabu ni kujidanganya.

Mwaka 2019 suala hilo lilizua mjadala mbele ya wawekezaji wa kimataifa. Kampuni ya Jumia, iliyoanza Nigeria mwaka 2012 na kuingia katika Soko la Hisa la New York Aprili 2019, ilieleza katika nyaraka zake kwamba oda zenye asilimia 14.4 ya thamani yote ya mwaka 2018 ama hazikuweza kufikishwa au zilirudishwa na wateja. Mwezi uliofuata, taasisi ya Marekani ya Citron Research, inayojulikana kwa kushambulia hisa za kampuni inazozitilia shaka, ilidai kuwa waraka wa ndani wa kampuni hiyo ulionyesha asilimia 41 ya oda zilirudishwa, hazikufikishwa au zilighairiwa.

Tarakimu hizo mbili hazikupima kitu kimoja. Ya kwanza ilipima thamani na ilitaja mambo mawili, ya pili ilipima oda na iliongeza zilizoghairiwa. Hata hivyo bei ya hisa ilishuka, na Agosti mwaka huohuo Jumia yenyewe ilitangaza kubaini oda zisizo halali zilizowekwa, baadhi kupitia mpango wake wa mawakala wa mauzo, kisha zikaghairiwa. Novemba 2019 kampuni hiyo ilifunga shughuli zake Tanzania, ikaendelea nchini Kenya na kwingineko.

Muuzaji mdogo hana wawekezaji wa New York wa kumhoji. Ana mtaji. Na mtaji wake, mzigo unapokuwa haujulikani ulipo, umefungwa.

Sehemu kubwa ya mizigo inayorudi huanza kurudi asubuhi, wakati wa kuandika anwani. "Karibu na msikiti, nyumba ya geti jeusi" ni maelekezo yanayotosha kwa jirani. Serikali ya Tanzania iliendesha mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti mwaka huo, operesheni ya anwani za makazi iliyoipa mitaa majina na nyumba namba, na ukaanzishwa mfumo wa kidijitali wa NaPA wa kuzihifadhi. Vibao vipo katika mitaa mingi, lakini mazoea hayajabadilika kwa kasi hiyo, na mwendesha bodaboda bado hutegemea simu.

Ndiyo maana sababu ya kurudi "mteja hakupatikana" inahitaji ushahidi. Programu nzuri humtaka mbebaji apige simu kutoka ndani ya programu yenyewe, nayo huandika saa na mahali alipokuwa. Mteja aliyepigiwa mara tatu akiwa kikaoni hatofautiani, kwenye karatasi, na yule ambaye hakupigiwa kabisa kwa kuwa jua lilikuwa linazama na Bunju ni mbali. Kumbukumbu ya simu huwatofautisha, na humlinda mbebaji mwaminifu kuliko inavyombana mzembe.

Aidha, saa zinazoandikwa ziwe mbili: ya tukio lenyewe na ya taarifa kufika ofisini. Mahali pasipo mtandao simu huhifadhi taarifa na kuituma baadaye. Pasipo saa ya kwanza, mzigo uliokataliwa saa tano asubuhi utaonekana ulikataliwa saa moja jioni, na mbebaji ataulizwa alikuwa nao wapi kutwa nzima.

Hesabu ya jioni haina miujiza. Vilivyotoka lazima vilingane na vilivyokabidhiwa, vilivyorudi na vilivyobaki mkononi kwa ajili ya kesho. Tuseme vilitoka 120, vikakabidhiwa 97, vikarudi 18, na vitano wateja wameomba viletwe kesho. Jumla ni 120, na fedha zinazotakiwa ni za vile 97 peke yake.

Sasa karani anahesabu vilivyorudi mezani na kupata 17. Kama kila kimoja kilisomwa, itajulikana mara moja ni kipi kinachokosekana, na huenda kikaonekana chini ya kiti cha pikipiki. Kama programu ina kile kitufe cha kufunga mkupuo, ambacho huchukulia kwamba chochote kisichosomwa kuwa kimerudi kimekabidhiwa, kifurushi cha kumi na nane kitageuka kuwa mauzo, na bei yake itaandikwa kwa jina la mbebaji. Kitufe hicho hupendwa sana na ofisi zenye haraka. Kingefaa kuondolewa.

Kwa mbebaji si jambo la kupuuza. Akilipwa, kwa mfano, shilingi 5,000 kwa kila mzigo, simu ya shilingi 350,000 iliyopotea ni safari 70.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 28, haimruhusu mwajiri kukata ujira wa mfanyakazi kwa sababu ya hasara kienyeji tu. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi, mwajiri aeleze kwa maandishi chanzo, kiasi na jinsi kilivyokokotolewa, mfanyakazi apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi hasara halisi wala robo ya ujira wake.

Tatizo ni kwamba wengi wa wanaobeba mizigo hawana mkataba wa ajira. Hulipwa kwa safari, na makato hufanyika kwa neno la karani, naye karani hunukuu kioo cha kompyuta. Katika mazingira hayo, kumbukumbu ya kifurushi kimoja kimoja ndiyo utetezi pekee wa mbebaji. Hivyo inafaa aione kwenye simu yake mwenyewe, na apate stakabadhi kila anaporudisha mzigo, kama vile yeye alivyotia sahihi asubuhi alipoupokea.

Kufika stoo si mwisho. Mzigo uliorudi ukiingizwa moja kwa moja kwenye orodha ya bidhaa zinazouzwa, mteja wa kesho atapelekewa viatu vyenye vumbi la Tegeta au simu ambayo kifuniko chake kimebadilishwa njiani. Kwa hiyo huwekwa kwanza mahali pa ukaguzi, mtu huufungua, huulinganisha na kilichotoka, kisha huamua: urudi sokoni, urejeshwe kwa aliyeuleta, au uuzwe kwa bei ya chini. Marejesho ya fedha, kwa aliyekwisha kulipa, hufuata ukaguzi huo. Mteja naye aambiwe siku ya ukaguzi, la sivyo kusubiri kwake kutaonekana kama kuzungushwa.

Mwenye oda chache asiyeweza kununua programu si lazima aachwe nje. Daftari lenye mstari mmoja kwa kila kifurushi, na safu za aliyepewa, saa aliyopewa, kilichotokea, sababu, na sahihi mbili wakati wa kurudi, hufanya kazi ambayo baadhi ya programu za bei kubwa hazifanyi. Sahihi ya pili, ile ya anayepokea mzigo uliorudi, ndiyo inayosahauliwa mara nyingi, kwa sababu saa hiyo kila mtu anataka kuwahi daladala.